Chakula Bila Maelezo Ni Nusu Chakula

Watu wakikaa barazani wakazungumza siasa, tunasema wanajadili mambo ya nchi. Wakizungumza mpira, tunasema wanachambua. Lakini wakizungumza namna ya kukaanga kitunguu kisiungue, au kwa nini maharage ya juzi yaligoma kuiva, tunasema wanapiga soga za jikoni, na mwenye shughuli zake hupita bila kutega sikio. Mimi husimama. Naamini kabisa kwamba katika maneno yote tunayosema kutwa, hayo ya jikoni ni miongoni mwa yenye faida kubwa, na jamii inayoyadharau inapoteza kitu kikubwa kuliko ladha.

Nenda jioni penye mashine ya kukuna nazi katika soko lolote la Dar es Salaam au Tanga, usikilize foleni. Siku moja mbele yangu alisimama binti mwenye nazi mbili kwenye mfuko. Akamgeukia mama mtu mzima aliyekuwa nyuma yake.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba nikuulize. Mchuzi wangu wa samaki kila nikiupika tui linakatika. Mafuta yanaelea juu, chini yanabaki maji yenye chembechembe."

"Marahaba mwanangu. Tui zito unalitia wakati gani?"

"Mwanzoni, pamoja na samaki."

"Na moto?"

"Gesi, mama. Naufungua wote ili kiive upesi."

"Basi ni hapo. Anza na tui la pili, lile jepesi. Hilo ndilo la kupikia samaki na nyanya mpaka viive. Tui la kwanza liweke kando, liingie mwishoni, moto uwe mdogo, na upawa usitoke mkononi. Teka na kumimina, teka na kumimina, usimvuruge samaki. Likianza kuchemka, ipua. Wala usifunike."

"Kwa nini nisifunike?"

"Ukifunika huoni linavyopanda, na joto linazidi ndani. Tui halitaki kushtuliwa."

Foleni ikasogea, kila mtu akaenda zake. Lakini tazama alichopewa yule binti kwa dakika chache: mpangilio wa kazi, kiasi cha moto, mwendo wa mkono, na sababu. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini ya nazi. Likipata joto kali bila kukorogwa, protini huganda, mafuta yakajitenga. Mama hakutaja protini, ila ushauri wake uliifuata hatua kwa hatua. Na aliutoa bure, kwa mtu asiyemjua jina.

Najua wapo watakaosema tui likikatika hakuna anayekufa. Ni kweli. Lakini historia ya vyakula vyetu inaonyesha kuwa ushauri wa namna hii ukikosekana, watu huumia, wengine hufa.

Vingi tunavyoviita vyakula vyetu vya asili vilitoka mbali. Mahindi, muhogo, nyanya na pilipili vina asili ya Amerika, na vilianza kusambaa duniani baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Huku kwetu Wareno walikuwa na mkono mkubwa katika kuvifikisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwa hakika mahindi na muhogo vimeokoa watu wengi na njaa katika bara hili. Lakini mbegu husafiri kirahisi kuliko maelezo yake. Mahindi yalivuka bahari kama mgeni aliyekuja bila mkalimani.

Watu wa Mexico na Amerika ya Kati, waliolima mahindi kwa maelfu ya miaka, hawakuyasaga hivihivi. Waliyachemsha kwa maji ya chokaa au majivu, wakayaacha yalowe usiku kucha, kisha wakayaosha na kuyasaga. Kazi hiyo hulainisha ganda na kuupa unga harufu nzuri. Vilevile hufungua vitamini iitwayo niasini, ambayo ndani ya mahindi makavu imefungwa kiasi kwamba mwili unapata kidogo sana. Waliobeba mahindi kwenda Ulaya hawakubeba desturi hiyo. Pengine waliiona ni mambo ya wanawake wa jikoni.

Matokeo yake yalikuwa ugonjwa wa pelagra. Mwaka 1735, daktari Gaspar Casal aliuona kwa wakulima maskini wa Asturias, Hispania, walioishi kwa mahindi: ngozi kubabuka mahali panapopigwa na jua, kuharisha, akili kuvurugika, na mwisho kifo. Baadaye ukaenea kaskazini mwa Italia, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukawatesa watu wa majimbo ya kusini mwa Marekani. Daktari Joseph Goldberger, aliyetumwa huko mwaka 1914, aligundua kuwa katika vituo vya yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, wanaolelewa waliugua ilhali wafanyakazi hawakuugua. Akabadilisha chakula, wakapewa maziwa, nyama na mayai, na ugonjwa ukapungua mno. Dawa yenyewe, niasini, ilitambuliwa mwaka 1937. Miaka mia mbili ya mateso, na kumbe tangu mwanzo wapishi wa Mexico walikuwa na kinga ndani ya vyungu vyao.

Tusidhani hayo ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra, zaidi ya watu 18,000. Mgao wao ulikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiwapa niasini zilikatika. Mtu aliyekulia kwenye nyumba ambayo mboga za majani huungwa kwa karanga na kuliwa kwa ugali anaelewa mara moja kilichopotea pale. Kitoweo tunachokiona cha kusindikizia ugali ndicho kinachoukamilisha.

Muhogo una kisa kinachonigusa zaidi, kwa kuwa kimetokea kwetu. Muhogo mchungu una viini vinavyotoa sumu ya sianidi. Wazee waliujua vizuri: unamenywa, unalowekwa siku kadhaa mpaka ulainike, au unavundikwa, kisha unaanikwa na kutwangwa. Hatua hizo huondoa sumu. Zikifupishwa, na mlaji akawa hana maharage wala samaki wa kumpa protini, anaweza kupatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu yote miwili ghafla, na haiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, ugonjwa huo uliwapata zaidi ya watu elfu moja huko Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 ulitokea wilayani Tarime, mkoani Mara, nako wakati wa ukame, njaa ilipowafanya watu wale muhogo mchungu kabla haujatengenezwa ipasavyo. Katika eneo la Bandundu nchini Kongo sababu ilikuwa nyingine: barabara ya lami ilifungua biashara ya muhogo kwenda Kinshasa, uhitaji ukapanda, na baadhi ya kaya zikapunguza siku za kuloweka ili kuwahi wanunuzi. Walioloweka siku tatu wakaanza kuloweka moja au mbili. Hatua moja ya jikoni ilirukwa kwa kuwa ilionekana inachelewesha, na watoto wakapooza.

Sikiliza sasa kinga iliyokuja. Mwanasayansi wa Australia, Howard Bradbury, na wenzake hawakuleta mashine. Walileta jambo ambalo jirani angeweza kumweleza jirani juu ya ua. Weka unga wa muhogo kwenye bakuli, utie alama ndani ulipofikia. Tia maji huku ukikoroga: unga utashuka, kisha utapanda tena mpaka kwenye alama. Utandaze juu ya jamvi safi, usizidi unene wa sentimita moja, uuache juani saa mbili au kivulini saa tano. Katika muda huo sumu inavunjika na kupotelea hewani. Jioni unasonga ugali kama kawaida. Katika kijiji cha Kay Kalenge, nchini Kongo, wanawake walifundishwa njia hiyo, wakafundishana, na kijiji kilichokuwa kikiona wagonjwa wapya kila mara kikaacha kuwaona.

Hivyo anayenieleza namna ya kupika kitu hanipi maneno ya kupitisha muda. Ananikabidhi nusu ya pili ya chakula. Nusu ya kwanza inanunuliwa sokoni. Hii nyingine haina duka.

Kwa sababu hiyo nina mambo matatu ninayoyashikilia kwa moyo wote.

La kwanza, tuseme sababu. Maelekezo mengi ya jikoni tunayapokea kama amri: fanya hivi, usifanye vile. Amri isiyo na sababu ni rahisi kuachwa, hasa na mtu mwenye haraka. Bibi yangu aliloweka maharage usiku na asubuhi akamwaga yale maji, hakuyapikia. Alisema yanajaza tumbo gesi, na ni kweli. Lakini maharage mekundu yana sumu yake pia, na yanahitaji kuchemka kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi, haitoshi kuyapasha moto mdogo mpaka yalainike. Alisema pia nyanya na ndimu visiingie kabla maharage hayajaiva, maana yatabaki magumu. Hiyo nayo ina sababu, uchachu huzuia ganda kulainika. Magadi hufanya kinyume, hulainisha upesi, ila yakizidi huharibu vitamini B1. Kisamvu kinatwangwa na kuchemshwa vya kutosha kwa sababu ileile ya muhogo. Mtoto anayejua haya yote kwa sababu zake hawezi kuyaacha kirahisi hata akihamia mji ambao hakuna anayemsimamia.

La pili, tuache unyimi. Wapo wapishi ambao ukiwauliza wanatabasamu na kusema, "Aa, natia kiasi tu, ni mkono wangu." Naheshimu mkono mzuri, na najua kuna mambo ambayo kijiko hakiwezi kuyapima. Lakini kiasi nacho kinaelezeka. Mpishi mmoja wa shughuli mtaani kwetu, mwanamume, hupika pilau ya harusi kwenye masufuria makubwa uani, na vijana wakimzunguka hawafukuzi. Huwaita wasogee. Huchota kitunguu kwa mwiko na kuwaonyesha: hiki bado cheupe, pilau itakuwa na rangi ya ugonjwa, subirini. Baadaye huchota tena: sasa kimekuwa kahawia, ndiyo hii, kikipita hapa kitakuwa cheusi na chungu, na hakuna hiliki wala mdalasini utakaoficha. Huwavutisha harufu ya bizari nyembamba inapoiva kwenye mafuta ili pua zao zijue kabla ya kutia nyama. Hakuna alichokipoteza kwa kusema. Bado anaitwa kwenye kila harusi. Mficha uchi hazai, na ujuzi unaofichwa nao huenda kaburini na mwenyewe.

La tatu, tuwafundishe wavulana sawa na wasichana. Vijana wetu wanatoka nyumbani kwenda vyuoni na kupanga chumba kimoja, na wengi wa kiume hawajui hata maji ya wali yanapimwaje. Wanaishi kwa chipsi mayai mpaka waoe. Kijana wa namna hiyo ni mtu mzima anayetegemea wengine kwa jambo analolihitaji mara tatu kila siku. Wala mafunzo hayahitaji darasa. Mtoto anayechambua mchele pembeni yako, anayetumwa kukuangalizia kama wali umekauka upalie mkaa juu ya mfuniko, anayeachiwa kuonja chumvi na kusema imepungua au imetosha, anasoma. Unachotakiwa ni kumweleza kwa nini.

Siku hizi simu zimejaa mapishi, na ni jambo jema. Nimeona wapishi wa nyumbani wakieleza kwenye video kazi ya kusukuma chapati kwa uvumilivu ambao mwalimu angejivunia. Lakini simu haijui mchele wako ni mpya wa Kyela unaotaka maji machache au ni wa zamani unaoyanywa mengi. Haioni jiko lako. Jirani anaona, na ukimuuliza atakuja na swali lake kwanza, kama yule mama wa nazi alivyouliza juu ya moto kabla ya kushauri. Ndiyo maana siamini kama mashine itaziba nafasi ya mazungumzo ya watu wawili wanaopikia nyumba zinazotazamana.

Basi ukisikia wenzako wanazungumza mapishi, ongeza lako ulijualo. Kama hujui, uliza bila haya, kwa kuwa kuuliza si ujinga. Na kama nyumbani kuna bibi, shangazi au baba anayepika kitu kimoja vizuri kuliko watu wote, usingoje siku ya msiba ndipo useme hakuna mwingine aliyekijua. Nenda ukakae naye wiki hii anapobandika sufuria. Mwache apike mwenyewe, wewe uliza kwa nini katika kila hatua, uandike kwenye daftari, na wiki inayofuata upike wewe, yeye akae akuangalie.