Kigari cha Mtoto na Makinda Mawili ya Njiwa



Katika barua tulizoletewa iko moja itokayo kwa kijana mmoja, mvuvi wa dagaa huko Mugango. Jina lake na kigango chake hatutavitaja. Mkewe ana mimba ya miezi minane, nao wanamngoja mtoto wao wa kwanza. Nduguye akaaye Mwanza amemwonyesha katika simu picha ya kigari cha mtoto, chenye magurudumu manne, kigodoro, na kifuniko cha kuzuia jua. Bei yake ni shilingi 300,000. Kijana hana fedha hizo; lakini mwenye mtumbwi yu tayari kumkopesha, kisha atakuwa akiipunguza sehemu yake ya dagaa kila mwezi mpaka deni litakapokwisha. Ndipo kijana auliza: "Padre, baba yampasa atumie kiasi gani kwa ajili ya mwanawe? Nisipokinunua, watu watasema sikumpokea vema."

Labda wengine watacheka wakisoma habari hii. Sisi hatukucheka. Mwanamume anayekaa na kujiuliza atamletea nini mtoto ambaye bado hajamwona uso, huyo amekwisha anza kuwa baba. Wako wengine ambao, wakipata habari kwamba mwanamke amechukua mimba, huhamia mwalo mwingine wala hawaulizi bei ya kitu chochote. Basi swali la ndugu yetu ni swali jema, nalo lastahili jibu lililopimwa.

Kwanza yafaa tujue kigari hicho kilitoka wapi. Yasemekana kigari cha kwanza cha namna hii kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, fundi wa majumba na bustani, kwa ajili ya watoto wa Mtawala wa Devonshire, nacho kilikokotwa na mnyama mdogo. Kilikuwa mchezo wa watoto wa wakubwa katika bustani zao. Baadaye watu wa miji ya Ulaya wakakifanya kiwe cha kusukumwa kwa mikono. Na mwaka 1965 Mwingereza mmoja aitwaye Owen Maclaren, aliyekuwa fundi wa ndege, akabuni kigari chepesi kinachokunjwa, ili mama apate kukipandisha ndani ya gari. Kwa hiyo kigari hiki ni mtoto wa mahali pake. Kilizaliwa penye barabara zilizosawazishwa, na penye akina mama wengi watembeao peke yao, wasio na bibi, shangazi wala binti wa jirani wa kuwapokea mtoto. Sasa ndugu yetu na atazame njia itokayo mwaloni kwenda nyumbani kwake. Kuna mchanga, kisha mawe makubwa tuliyoyazoea katika nchi ya Musoma, na wakati wa masika kuna tope. Magurudumu yale madogo yatapita wapi?

Lakini tusimhukumu mtu. Kigari si dhambi. Mama aliyejaliwa mapacha, au mama mwenye ulemavu wa mguu au maumivu ya mgongo, akikaa mjini karibu na barabara ya lami, aweza kupata msaada mkubwa kwa kigari, naye anayemnunulia hutenda jambo la upendo. Hatusemi juu ya chombo chenyewe, bali juu ya kipimo: mzazi atumie kiasi gani, na fedha hizo zitoke wapi.

Jambo hili tunaliona katika Injili Takatifu. Mtakatifu Luka atusimulia kwamba Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu walimpeleka Mtoto Yesu hekaluni Yerusalemu, ili wamtolee Bwana na kutimiza sheria. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Walawi, iliagiza kwamba mama aliyejifungua alete mwana-kondoo wa mwaka mmoja, pamoja na njiwa. Lakini sheria hiyo hiyo iliongeza neno la huruma: mama asiyeweza kupata mwana-kondoo, alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa, na yatatosha. Mtakatifu Luka ataja ndege hao tu, mwana-kondoo hamtaji. Mama wa Mungu alisimama hekaluni na sadaka ya maskini mikononi mwake.

Wapenzi wasomaji, tulitafakari jambo hili. Yosefu alikuwa fundi mwenye mikono yenye nguvu. Je, hakuwako mtu wa kumkopesha bei ya mwana-kondoo mmoja? Na kama yuko mtoto duniani aliyestahili mwana-kondoo, si huyu? Walakini Injili haisemi kwamba Yosefu alikopa. Aliitumia njia ambayo Mungu mwenyewe alikuwa ameiweka tayari kwa watu wa hali yake, wala hakuona haya. Mungu katika sheria yake alikwisha waona wazazi wasio na kitu, akawawekea kipimo chao, ili kuzaliwa kwa mtoto kusiwe mwanzo wa utumwa wa deni. Tena mzee Simeoni alipokuja hekaluni hakuuliza sadaka iligharimu kiasi gani. Alimpokea Mtoto mikononi mwake, akamshukuru Mungu.

Baada ya hayo, tumjibu ndugu yetu kwa mambo matatu.

Jambo la kwanza ni hesabu. Bwana wetu alifundisha kwamba mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza akapiga hesabu ya gharama. Mvuvi wa dagaa anaijua hesabu ya kazi yake kuliko sisi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa hazivuti, na nyavu hukaa pwani. Hivyo kila mwezi una majuma ya kupata na majuma ya kukosa, na yale ya kupata ndiyo yanayoyalisha yale ya kukosa. Sasa deni hukata wapi? Hukata katika majuma ya kupata. Nayo miezi ya kulilipa deni hili ndiyo miezi ambayo mama atakuwa akinyonyesha, ambapo mwili wake wahitaji ugali wa kutosha, samaki, maharagwe na mboga za majani. Ikiwa sufuria ya mama itapungua ili deni la kigari lilipwe, basi mtoto mwenyewe ndiye atakayekilipia, tena kwa maziwa yake. Baba hakukusudia hivyo, lakini hesabu ndivyo isemavyo.

Jambo la pili ni utaratibu. Mambo yote hayalingani. Mama huyu amebakiwa na mwezi mmoja tu. Je, imekwisha wekwa nauli ya kumfikisha kwa mganga endapo uchungu utamshika usiku wa manane, na mvua inanyesha? Je, iko fedha kidogo ikiwa zahanati itasema apelekwe upesi hospitali ya Musoma? Kiko chandarua kizima kitandani? Sisi wakaao pwani ya ziwa tunaijua malaria. Haimngoji mtoto akue. Ziko kanga safi za kumfunika mtoto, na sabuni? Mama amehudhuria kliniki siku zote alizoagizwa, na baba aliwahi kumsindikiza japo mara moja? Na mtoto akizaliwa, ataandikishwa apate cheti chake cha kuzaliwa? Mengi ya hayo yana gharama ndogo kuliko kigari, na mengine hayana gharama ila miguu na saa za baba. Hayo ndiyo ya kwanza. Baba aliyeyatimiza hayo amempokea mwanawe vema, hata kama hana gurudumu hata moja nyumbani mwake.

Jambo la tatu ni mbeleko. Bibi zetu walimbeba mtoto mgongoni wakiwa shambani, kisimani, sokoni na kanisani. Wako vijana wanaoiona mbeleko kuwa ni alama ya ushamba na umaskini. Basi na wasikie habari hii. Mwaka 1978, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, waganga waliokosa mashine za kutosha za kuwapasha joto watoto njiti walianza kuwaweka watoto hao kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefungwa kwa nguo. Wengi waliidhani njia ya maskini. Mwaka 2021 yakatangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi tano, mojawapo ikiwa Tanzania yetu, juu ya watoto waliozaliwa na uzito mdogo sana. Kati ya kila watoto 100 waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, 12 walifariki katika mwezi wa kwanza. Na kati ya kila 100 waliongojewa kwanza watengemae ndipo wawekwe kifuani, walifariki karibu 16. Kifua cha mama kiliokoa roho. Twajua kwamba kumbeba mtoto mzima mgongoni si sawasawa na uganga huo; lakini twajifunza kwamba mwili wa mzazi si chombo duni cha kubadilishwa na chuma mara fedha zinapopatikana.

Tena si mama peke yake. Katika Kumbukumbu la Torati Musa awakumbusha Waisraeli kwamba Mungu aliwachukua jangwani kama mwanamume amchukuavyo mwanawe. Na kwa kinywa cha nabii Isaya, Mungu awaambia watu wake kwamba amewabeba tangu tumboni, naye atawabeba hata watakapokuwa na mvi. Mungu alipotaka tuufahamu upendo wake, alijifananisha na baba aliyebeba mtoto. Basi wewe ndugu yetu, mwezi ukiwa mkubwa na nyavu zikikaa pwani, mchukue mwanao mikononi, umpumzishe mkeo. Wazee wengine watakutazama, na vijana wa mwaloni watakutania. Waache watanie. Hicho ni kigari ambacho hakuna mwenye mtumbwi awezaye kukudai.

Sasa tuliguse lile neno la mwisho la barua, kwa kuwa twaona ndilo mzizi wa swali lote: "Watu watasema." Mwenye mtumbwi ndiye atoaye fedha, lakini anayemsukuma kijana akope ni aibu. Aibu hii imekwisha haribu mengi katika vigango vyetu. Tunawajua wazazi waliokaa na mtoto nyumbani mwaka mzima bila kumleta kwenye Ubatizo Mtakatifu, kwa sababu hawajapata nguo nyeupe ya dukani, au mbuzi wa karamu, au fedha za mpiga picha. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 867, yawapasa wazazi wahakikishe watoto wao wanabatizwa katika majuma ya kwanza. Haitaji karamu. Neema ya Mungu haina bei, nasi tumeipachika bei, kisha tukashindwa kuilipa. Ni huzuni kubwa.

Wala heshima ya mtoto haitoki katika kile alichopandishwa. Mwaka 1922 huko Butiama, katika nyumba ya Mtemi Burito, mama yetu Mugaya alijifungua mtoto aliyeitwa Kambarage. Baba yake alikuwa mtemi, lakini Butiama ya siku zile haikujua vigari vya watoto. Mwaka 1943 kijana huyo alibatizwa katika Misioni ya Nyegina, akaitwa Julius. Dunia nzima ilikuja kumjua. Na hakuna aliyeuliza alibebwa na nini alipokuwa mchanga.

Tunayo maneno pia kwa wengine. Enyi mama wakwe, mashangazi na majirani, mkienda kumtazama mzazi msihesabu vitu vilivyomo chumbani. Ulizeni kimepungua nini, kisha mkilete, ijapokuwa ni mche wa sabuni au debe la maji. Enyi wasimamizi wa Ubatizo, zawadi yenu kubwa ni imani mtakayomfundisha mtoto. Nawe ndugu wa Mwanza uliyetuma picha, umefanya kwa mapenzi. Lakini kama una uwezo, usimtumie nduguyo tamaa, mtumie nauli ya hospitali. Na ikiwa katika jumuiya ndogondogo yuko mwenye kigari kilichokaa bure, amwazime mama mwenye shida ya kweli. Chombo kimoja chaweza kuhudumia nyumba tatu.

Basi, ndugu yetu wa Mugango, umeuliza kiasi gani. Jibu letu ni hili: tumia kiasi uwezacho kulipa leo, bila kumkopa mtu na bila kupunguza chakula cha mkeo, baada ya kuyatimiza yale ya kwanza. Kikisalia kitu, nawe ukaona kigari kitawafaa, kinunue kwa furaha wala usisumbuliwe na dhamiri. Kisiposalia kitu, usihuzunike. Umesimama mahali aliposimama Mtakatifu Yosefu, na makinda mawili ya njiwa yatatosha. Mtoto akizaliwa mpokee mikononi, kama alivyofanya Simeoni, umshukuru Mungu. Kisha mlete kanisani upesi, nasi tutafurahi kumwona.

Mungu amjalie mkeo ajifungue salama, na Mama Bikira Maria awaombee nyote watatu.