Siku ya Waliokufa Vitani

Katika nchi ya Marekani iko siku iliyowekwa kwa ajili ya askari waliokufa vitani. Mwaka 1868, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu walikwenda makaburini tarehe 30 Mei wakaweka maua. Tangu mwaka 1971 siku hiyo huwa Jumatatu ya mwisho ya Mei, ipate kufuatana na Jumapili. Nao wengi huitumia kwenda pwani, kuchoma nyama, na kununua vitu vilivyopunguzwa bei. Mwaka 2000 serikali yao ikawaomba wanyamaze dakika moja tu, saa tisa alasiri.

Je, twaweza kuwahukumu kwa ajili ya nyama? Hatudhani. Sisi nasi matangani hupika na kula, hata kucheka (watani hawakosi). Lakini kila aketiye jamvini amjua marehemu ni nani, na apitapo mjane watu hupunguza sauti. Karamu isiyotaja jina la mfu ndiyo iliyopotoka, kwa maana watu wala urithi bila kumkumbuka aliyeuacha.

Na huku kwetu Tanzania, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ni wangapi wetu huwataja wapagazi wa vita vya 1914–1918? Walikufa njiani kwa njaa na maradhi, wengi pasipo alama ya kaburi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana nao. Nasi twanunua nyanya pale kila siku. Yoshua alisimamisha mawe kumi na mawili ili watoto waulize. Watoto wetu wakituuliza maana ya Kariakoo, tutawaambia nini?