Twahara na Usalama: Mto Msimbazi Mbele ya Dini

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hukatiza Dar es Salaam kwa mwendo wa takriban kilomita 35, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na daraja la Salenda, penye mikoko. Katika mwendo huo hupita Vingunguti, mtaa uliobanana kati ya bonde la mto na viwanda vya Barabara ya Nyerere, ambayo wengi bado huiita Barabara ya Pugu. Humo mna machinjio, mabwawa ya majitaka, na nyumba za watu waliokuja mjini kutafuta vibarua. Wahandisi na matabibu wana maswali yao kuhusu mto huu, lakini lipo pia swali la kidini ambalo halijazungumzwa vya kutosha, nalo ni kwamba mtu anayeyachafua maji yatakayomfikia asiyemjua amemkosea nani, na kosa hilo lipimwe kwa kipimo gani.

Fiqhi, yaani elimu ya hukumu za ibada na maisha katika Uislamu, imeyachambua maji kwa undani ambao mambo mengine machache yameupata. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, maji mutlaki, yaani yaliyobaki katika maumbile yake, ni twahara na hutwaharisha. Maji yaliyogeuzwa sana na kitu kisicho najisi, kama vile rangi au sabuni, hubaki twahara lakini hayafai tena kwa udhu. Na maji mengi, yaani yaliyofikia mitungi miwili mikubwa ya zamani, ambayo wanazuoni wa leo huikadiria kuwa lita 200 hivi, hayawi najisi kwa kuingiwa na najisi mpaka moja ya sifa zake tatu ibadilike, nazo ni rangi, ladha na harufu. Kipimo hiki kina uadilifu wake ambao haufai kubezwa, kwa sababu hakimtaki muumini awe na maabara wala fedha: jicho, ulimi na pua humtosha maskini kama vinavyomtosha tajiri.

Mto unaopita kando ya viwanda, hata hivyo, huuvuruga mpangilio huo. Damu inayotoka machinjioni ni najisi na huonekana, kwa hiyo hukumu yake haina utata. Rangi ya kutia nguo si najisi, ingawa huyageuza maji yakawa ya buluu au mekundu. Lakini metali nzito, yaani madini kama risasi na kadimi ambayo hudhuru mwili hata yakiwa kidogo sana, zinaweza kuyeyuka katika maji bila kubadilisha rangi, ladha wala harufu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 kuhusu mboga za majani zilizolimwa kandokando ya mito Sinza na Msimbazi ulikuta ndani yake risasi, kadimi, shaba na zinki. Mchicha wa bondeni, kwa hiyo, unaweza kuoshwa kwa maji ambayo fiqhi ingeyaruhusu, ukapikwa na mtu mwenye udhu, ukasomewa bismillahi, na bado ukawa na sumu. Kumbe twahara na usalama ni mambo mawili, na mwenye moja hana budi kulitafuta la pili. Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia lilikwisha kuliona jambo hili mwaka 1978, pale liliporuhusu majitaka yaliyosafishwa kikamilifu yatumike kujitwaharishia, likiutegemea ushahidi wa wataalamu, huku likipendelea yasinywewe kwa kuhofia afya.

Ingekuwa makosa kuhitimisha kwamba fiqhi haina la kusema juu ya sumu isiyoonekana. Inalo, ila liko katika mlango wa ujirani na mali, mbali na mlango wa twahara ambamo wengi hulitafuta. Msingi wake ni kaida, yaani kanuni jumla ya sheria, inayokataza mtu kudhuru na kulipiziana madhara, na katika karne ya 14 Ibn al-Rami wa Tunis, aliyekuwa mwashi, aliandika kitabu kizima cha hukumu za majengo ambamo moshi, harufu mbaya na mitikisiko ya mashine za kusagia huhesabiwa kuwa madhara anayoweza kushitakiwa nayo jirani. Hapo ndipo huzuka hoja ya nani alitangulia, ambayo wakazi wa mabondeni wanaijua vizuri kwa sababu hutupiwa wao: baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 jijini, waliambiwa kwamba walijenga pasipotakiwa, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kweli inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Hoja hiyo ina nguvu juu ya mahali pa kujenga. Juu ya sumu haina nguvu yoyote, kwa kuwa Majalla, yaani mkusanyo wa sheria za Kiislamu uliotolewa na dola ya Uthmaniya kati ya mwaka 1869 na 1876, inatamka katika kifungu chake cha 7 kwamba madhara hayapati uhalali kwa sababu ya ukongwe wake. Kiwanda cha miaka 50 hakina haki ya kumwaga ambayo kiwanda cha jana hakina, na mtu aliyejenga mahali pasiporuhusiwa hajawa halali kutiliwa sumu.

Maandiko ya Kikristo yanalifikia jambo hilihili kwa njia nyingine. Katika sura ya 34 ya kitabu cha Ezekieli, nabii anawalaumu kondoo walionona ambao hunywa maji safi kisha huyavuruga kwa miguu yaliyobaki, wakawaachia wenzao wanyonge tope. Na katika sura ya 10 ya Injili ya Luka, mwanasheria anayetaka kujua jirani yake ni nani anajibiwa kwa kisa cha Msamaria, ambacho mwishoni kinamrudishia swali lake likiwa limegeuzwa, kwa kumuuliza ni nani aliyekuwa jirani. Baadhi ya wanazuoni wa Kiislamu wa mwanzo waliwahi kuhesabu ujirani kwa nyumba 40 kila upande. Hesabu hiyo ilitosha palipokuwa na moshi na kelele, lakini penye mto haifai, kwa sababu madhara ya maji husafiri mbali kuliko moshi wowote, na anayeishi Jangwani ni jirani wa anayemwaga Gongo la Mboto hata kama hawajawahi kuonana.

Lililo gumu zaidi ni kwamba mwenye kosa si mmoja. Mvua kubwa zinapoanza, wapo wakazi wanaotapisha vyoo, yaani wanaotoboa shimo la choo ili maji ya mvua yachukue uchafu, kwa kuwa gari la kunyonya huwa halifiki katika vichochoro vyao au bei yake haiwezekani. Wao pia ni wa juu kwa wale wa chini, japo haki haiwezi kumpima aliyekosa njia kwa mizani ileile ya aliyekuwa na njia akabana gharama. Dhana ya fardhi kifaya, yaani wajibu wa jamii nzima ambao wakiutimiza baadhi huwaondokea wote, na wasipoutimiza wote hupata dhambi, inafaa hapa kuliko mahubiri ya usafi yanayoelekezwa kwa kila mtu peke yake. Kwa sababu bomba la majitaka halijengwi na toba ya mtu mmoja.

Mahakama za Tanzania zimewahi kuukaribia wajibu huo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, ng'ambo ya mto kutoka Vingunguti, waliishinda Halmashauri ya Jiji katika kesi ya dampo lililowafukizia moshi na uvundo. Taka zikaelekezwa Kunduchi Mtongani, ambako wakazi nao walishitaki na kushinda mwaka 1991. Kila hukumu iliwatendea haki walioshitaki, lakini haki inayoishia kwa mshitaki, huku madhara yakihamishiwa kwa asiyeshitaki, haitimizi sharti la ujirani katika dini yoyote kati ya hizi mbili. Baada ya Kunduchi, katika miaka ya 1990, taka za jiji zilipelekwa Vingunguti, kando ya Msimbazi.