Sabuni ya Wajane na Kadi Iliyo Dukani



Jumapili moja tulimwita mbele mfanyabiashara mmoja wa sokoni kwetu hapa Nakivale. Alikuwa ameleta katoni sita za sabuni kwa mfuko wa akina mama, ule unaosaidia wajane, waliojifungua na wasichana waliokosa vitambaa vya siku zao. Nilimwekea mkono nikamwombea, kanisa likapiga makofi, vigelegele vikasikika mpaka barabarani. Mama mmoja mjane, benchi la tatu, hakupiga makofi. Nilidhani ni mgonjwa. Baada ya ibada nikamwendea, akaniambia polepole: “Mchungaji, kadi yangu ya raisheni iko kwenye droo ya huyo ndugu tangu mwezi wa tatu. Siku ya mgao ananipa, tukitoka anachukua mahindi na kadi tena.”

Neno hilo nimekaa nalo muda mrefu. Leo naliandika kwa ruhusa ya wote wawili, bila kutaja majina.

Kwanza tusiwaonee wafanyabiashara wetu. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kufanya kazi na kufungua biashara, jambo ambalo ndugu zetu wengi katika nchi nyingine hawana. Raisheni ilipopunguzwa hadi asilimia 70 mwaka 2020, kisha hadi asilimia 60 mwaka 2021, waliojaribu kuziba pengo hapa mtaani ni hawa majirani. Mama wa mandazi analeta ndoo yake kila mama anapojifungua. Fundi cherehani anatoa mabaki ya vitambaa na mchana wake wa Ijumaa. Mwenye mashine husaga bure mahindi ya uji wa wazazi. Kijana wa kuchaji simu kwa sola hachukui pesa kwa mama mwenye mimba, maana simu ikizimika usiku ataitaje pikipiki? Mambo haya ni madogo, lakini mfuko wetu umesimama juu yake.

Hata huyo wa kadi, tumtendee haki. Benki haimkopeshi mjane asiye na kitu. Yeye alimpa unga na mafuta wakati watoto walikuwa na njaa. Wapo waliokopa kwake wakahamia Kampala usiku, na wengine wakapata safari ya Marekani, deni wakaliacha hapa. Aliniuliza: “Mchungaji, basi nishike nini?”

Je, kanisa lipokee sabuni yake?

Tulipokaa na wazee, mmoja alisema sabuni haina dhambi, kazi yake ni kuosha. Tulicheka, lakini alikuwa na hoja. Mwingine akasema tukianza kuchunguza mikono ya watoaji tutabaki na kapu tupu, na hata sadaka ya Jumapili itatushinda kuihesabu. Mimi mwenyewe nilitaka kukubaliana nao, kwa sababu mfuko ulikuwa na shilingi elfu kumi na mbili tu.

Lakini nilirudi kwenye Kumbukumbu la Torati 24. Musa hakukataza kukopesha, wala hakukataza kila rehani. Alikataza kushika jiwe la kusagia, kwa kuwa anayelishika ameshika uhai wa mwenzake. Akakataza na nguo ya mjane. Tena anayedai asimame nje, asiingie nyumbani mwa mdaiwa kuchagua rehani. Hapa kwetu jiwe la kusagia ni nini kama si kadi? Anayeishika ameupita mlango, ameingia mpaka ndani ya sufuria.

Kisha nikasoma tena habari za Zakayo, Luka 19. Sisi tunapenda kuhubiri ule mti, lakini tazameni alivyotenganisha mambo mawili. Nusu ya mali yake kwa maskini: hiyo ni sadaka. Mara nne kwa kila aliyemdhulumu: hilo ni deni. Hakusema kwamba kwa kuwa maskini wamepata nusu, waliodhulumiwa wanyamaze. Maskini wote wa Yeriko hawangeweza kumsamehe kwa niaba ya mtu mmoja aliyemnyang’anya. Na kanisa pia haliwezi. Jumapili ile sisi tulijaribu. Kwa makofi yetu tulimsamehe mtu kosa ambalo hakututendea sisi, na yule mama akakosa mahali pa kusemea. Angelalamika kwa nani, wakati mkono wa mchungaji wake uko juu ya kichwa cha anayemdai? Hapo kosa langu lilikuwa kubwa kuliko la mwenye duka.

Kule Yafa, Tabitha alipokufa (Matendo 9), hakuna mzee aliyesimama kusoma orodha ya vitu alivyotoa. Wajane wenyewe walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Nadhani tungeuliza wajane kwanza, ndipo tupige makofi.

Basi tulifanya hivi. Sabuni tuliipokea, ikagawiwa. Nami na mzee mmoja tukaenda dukani jioni, wateja walipokwisha. Alikasirika, akasema tumekula sabuni yake na sasa tunamhukumu, na hilo lilinichoma kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Halafu akatoa daftari. Kadi zilikuwa kumi na moja. Baada ya wiki mbili alirudisha tisa, na wadaiwa wakaandikiana naye kulipa kidogo kidogo mbele ya mama mwenyekiti. Kadi ya yule mjane ilikuwa kati ya hizo tisa. Mbili bado ziko kwenye droo, tunaendelea kuzungumza.

Tangu siku hiyo hatuwaiti watoaji mbele ya kanisa. Mweka hazina hakubaliani nami. Anasema maduka mawili yameacha kutoa kwa sababu mtu hupenda kuonekana, na mimi sina jibu la kumpa zaidi ya haya niliyoandika. Sabuni ya mwezi uliopita haikutosha. Wamama walikata kila mche vipande vinne, na mjane wa benchi la tatu ndiye aliyeshika kisu.