Mwenye Kutaka Kuchimba Sarafu Nyumbani Kwake



Ndugu zangu Waislamu, kijana mmoja alibaki nyuma baada ya darasa akatuuliza suali. Ataka kuunda kompyuta ya kuchimba sarafu za mtandaoni chumbani kwake, na mamake amekubali kumpa bangili mbili za dhahabu azipeleke sokoni. Tulimwambia asubiri. Tuliyomjibu twayaandika hapa, kwani si yeye peke yake mwenye shauku hii.

Kwanza na ajue kinachochimbwa. Hapana shimo wala madini. Mashine hubahatisha namba usiku na mchana ikishindana na nyingine za dunia nzima, na itakayoipata namba itakikanayo huandika ukurasa mpya wa daftari la malipo, mwenyewe akapata ujira wa sarafu mpya. Bitcoin ilipoanza Januari 2009, ujira ulikuwa sarafu 50 na kompyuta ya kawaida ilitosha. Ujira huo hukatwa nusu kila miaka minne hivi. Tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125. Tena ugumu wa hisabu hurekebishwa kila wiki mbili hivi, ili ukurasa mmoja utoke kwa kadiri ya dakika 10. Wakizidi wachimbaji, fungu la kila mmoja hupungua. Leo kazi hiyo ni ya mashine maalumu zilizopangwa kwa maelfu. Wenye kadi za picha walikimbilia Ethereum, nayo ikaacha uchimbaji Septemba 2022. Mtu wa nyumbani amebakiwa na sarafu ndogo ndogo, kama Monero.

Sasa njoo kwenye umeme, maana hapa ndipo wengi wanapofumba macho. Kompyuta ilayo wati 500 bila kuzimwa hutumia yuniti 12 kwa siku, yaani 360 kwa mwezi. Tukikadiria yuniti moja kwa shilingi 28, hizo ni shilingi 10,080, na sarafu bado haijaonekana. Umeme wote huo hugeuka joto. Wakati wa Kaskazi, chumba cha mji wetu chahitaji joto jingine? Ukiongeza mashine ya baridi umeongeza yuniti, na hewa ya chumvi nayo hula vyuma taratibu. Nabii Yusuf alipopanga nafaka ya Misri alihesabu miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Hakumwambia mfalme alime tu atumaini.

Kwa hivyo mwenye kuanza asinunue kitu. Aitumie kompyuta iliyomo nyumbani kwa wiki moja, ajiunge na kundi la wachimbaji wanaogawana ujira, na aweke kipimo kidogo baina ya plagi na ukuta. Akiona faida ya kweli, ndipo anunue kadi moja iliyokwishatumika, ijaribiwe mbele ya macho yake, apunguze nguvu inayokula, na fedha yake aiweke kwenye kigawa-umeme kizuri, si kwenye taa za rangi na sanduku la kioo.

Ama hukumu ya sarafu zenyewe, ulamaa wamekhitalifiana. Dar al-Ifta ya Misri ilizikataza mwaka 2018, na Baraza la Ulamaa la Indonesia likaharimisha mwaka 2021 kuzitumia kama fedha. Wengine huruhusu kwa masharti. Kila mtu na amuulize shekhe wake. Lakini liko jambo lisilo khitilafu. Twasikia wako wanaoikwepa mita, na wako wapangaji wanaochimba kwa kuwa mwenye nyumba ndiye alipaye stima. Huo ni wizi, hata sarafu ikipanda mara mia. Na mkopo wa riba wa kununulia mashine ni riba ile ile tuijuayo.

Kijana alirudi wiki ya pili na karatasi yake. Yuniti 17 zilikwenda, shilingi 476. Alichokipata hakikutimu shilingi 50. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kutengeneza kompyuta za watu kwa ujira ni kazi inayofundishika. Bangili bado zi mkononi mwa mamake.