Je, Kuishuku Ahadi ni Dhulma?

Mtu akiahidi kuacha kazi impayo utajiri, nasi tusimsadiki, je, tumemdhulumu kwa dhana mbaya, au tumefanya limpasalo mwenye akili?

Mfano ulio wazi ni wa BP, kampuni ya Uingereza ichimbayo mafuta. Mwaka 2000 iliondoa nembo yake ya ngao, ikaweka jua lililochanua kama ua, ikatangaza kuwa herufi zake mbili zifahamike kwa maana ya kuyapita mafuta. Mwaka 2005 ikaahidi dola bilioni 8 kwa muda wa miaka kumi katika nguvu za jua, upepo na mfano wa hayo. Na haki isemwe, fedha ilitumika. Lakini mwaka 2011 ikaifunga biashara yake ya jua. Mwaka 2020 ikaahidi tena kwamba kufikia 2030 itapunguza uchimbaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40. Mwaka 2023 ikashusha ahadi hiyo kuwa 25. Na Februari 2025 ikaiacha kabisa, ikaazimia kutia mafutani na gesini kiasi cha dola bilioni 10 kila mwaka.

Walioshuku tangu mwanzo hawakujua ghaibu. Walitazama daftari, hawakutazama nembo. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2023 kwamba katika fedha zote ambazo kampuni za mafuta na gesi zilitumia kukuza kazi zao mwaka 2022, sehemu iliyokwenda katika nishati safi ni kama asilimia 2.5 tu.

Wenyewe hutoa udhuru: wenye hisa wataka faida, na faida ya mafuta ni kubwa kuliko ya upepo. Udhuru huu ni wa kweli, na kwangu mimi ndio uzidishao shaka. Mwenye duka akikwambia, "Nitakuwekea bidhaa hii madamu hajatokea wa kutoa zaidi," hakukuhadaa. Akilimeza sharti lile, akakwambia "nitakuwekea" basi, kosa lake lilianza siku ya kuahidi, si siku ya kuvunja.

Ama mwenye kushuku kila mtu naye si mwadilifu. Kampuni ya Denmark iliyoitwa DONG, jina lililofupishwa kutokana na mafuta na gesi, iliuza kazi yake ya kuchimba mwaka 2017, kisha ikajiita Ørsted, ikafanya mitambo ya upepo baharini kuwa shughuli yake kubwa. Tazama mpango wake: iliuza kwanza, jina likafuata. Kuikatalia hiyo ndiyo dhulma.

Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya hisa zake ni za serikali, nayo serikali yaweza kungojea faida kuliko mfanya biashara. Na visima vile vilinunuliwa na Ineos, mafuta yakaendelea kutoka. Lakini hiyo ni hesabu ya mnunuzi, wala haimpunguzii aliyeuza ukweli wa neno lake.