Tunakwenda kwa Nani?

Mama yangu alipokuja Houston kutoka Pangani, Jumamosi ya kwanza tulimchukua kutembea kando ya Buffalo Bayou, mto wa maji mazito yenye rangi ya chai ya maziwa, unaokatiza jiji taratibu kama mtu asiye na haraka. Bustani inayoandamana nao ina ekari 160, kati ya Shepherd Drive na Sabine Street. Unashuka na ukingo mmoja, unavuka daraja, kisha unarudi na ukingo wa pili. Watoto wanaipenda njia hiyo kwa kuwa haichoshi, na kwa ajili ya popo wanaoishi chini ya daraja la Waugh. Hata robo saa haijapita, Mama akauliza: “Mwanangu, tunakwenda kwa nani?”

Nikamjibu kwamba hatuendi kwa mtu. Tunazunguka tu, kisha tutarudi palepale tulipoacha gari. Akanyamaza.

Kiswahili kinamuunga mkono. Kutembea, kwetu, ni kwenda kwa miguu, lakini pia ni kwenda kwa watu: anayekwambia “njoo utembee” hakualiki kufanya mazoezi. Na ukitia kiambishi cha kutendea, ukasema kutembelea, hapo lazima mwenyeji awepo. Matembezi yasiyo na mwenyeji yameachiwa methali kali: mtembezi hula miguu yake. Pangani, kutoka sokoni hadi kwenye kivuko cha kwenda Bweni, ni mwendo mfupi ambao kwa salamu zake waweza kumaliza asubuhi nzima. Je, ni haki basi kupita katika nchi ya watu, kufurahia kivuli na maji yake, bila kuwa mgeni wa yeyote?

Nilikuwa na jibu tayari, kama ilivyo desturi ya walimu wa vyuo, na bado nalithamini. Swali la Mama lina pacha wake katili. Ahmaud Arbery, aliyeuawa Georgia Februari 2020, alikuwa kijana mweusi akikimbia mtaani. Waliomfukuza kwa magari walijipa mamlaka ya kumtaka asimame ajieleze. Hapa Houston, mwaka 1872, watu waliotoka utumwani miaka saba tu kabla ya hapo walichanga dola 800 wakanunua ekari kumi za kusherehekea uhuru wao, mahali paitwapo leo Emancipation Park. Katika zama za ubaguzi, kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa bustani pekee ya jiji ambayo weusi waliruhusiwa kuitumia. Kuzunguka bila kuulizwa “unakwenda kwa nani” hakukuwa uvivu kwao. Ilikuwa haki waliyoitolea fedha. Ninapowaona wanangu wakitangulia mbele na hakuna anayewakodolea macho, siwezi kuuita huo utovu wa adabu.

Lakini kutoulizwa ni jambo moja, kutouliza ni jingine. Hatua chache kusini mwa njia yetu, ng’ambo ya Allen Parkway, ipo Freedmen’s Town, mtaa uliojengwa na walioachwa huru baada ya Juni 1865, katika ardhi ya kinamasi ambayo wengine hawakuitaka. Katika miaka ya 1940 sehemu yake ilibomolewa kupisha nyumba za serikali, nazo zikatengwa kwa wazungu. Nimeuzunguka mto huu miaka mitano nikiyajua hayo kutoka vitabuni, wala sijawahi kupiga hodi upande ule.

Mama hakujadiliana nami. Alisalimia tu: wakimbiaji walioziba masikio kwa muziki, wenye mbwa, wenye vigari vya watoto. Wengi walipita. Wajukuu wake waliona haya. Mzee mmoja mweusi, aliyekuwa akivua kambare, aliitikia, na wakazungumza kwa muda, kila mmoja kwa lugha yake, juu ya chambo, kwa kadiri nilivyoweza kufahamu.

Jumamosi iliyofuata Mama alitoka ndani na bakuli la maandazi lililofunikwa kitambaa. “Leo tunakwenda kwa mzee wa ndoana,” akawaambia watoto.

Hatukumkuta. Mama akaketi kwenye benchi karibu na pale alipokuwa amesimama, bakuli mapajani, akatuambia tukamalizie mzunguko wetu, yeye atamngoja.